Miguu Yangu na Mchele wa Ramazani

Wamama wenzangu, wacha nisimame kwanza muione hii miguu, halafu nitakaa, maana maneno yenyewe si machache. Nimeombwa niwaeleze jinsi nilivyoumwa wakati wa vita na jinsi nilivyopona. Nimeshaieleza habari hii mara mbili tatu, na kila mara niliruka sehemu moja. Leo siruki.

Mimi Zuena nilikuwa mtu wa kutembea. Hapa hapa Alunguli, kabla ya vita, nilikaanga mandazi alfajiri, nikabeba karai kichwani mpaka kwenye mitumbwi, nikavuka mto, nikauza sokoni ng'ambo, nikarudi kabla jua halijawa kali. Wanaume wenye baiskeli walikuwa wakinitania kwamba nitawapita. Mungu hakunipa mtoto. Basi miguu ilikuwa ndiyo kitu changu cha kujivunia.

Mume wangu, Ramazani, alikuwa ananunua mpunga Kibombo, anaupeleka kwenye mashine, anauza mchele hapa mjini. Mchele wake ulikuwa mweupe kweli kweli. Na sisi tulikuwa na maringo yetu, sitaficha. Mchele wa kutwanga kwa kinu, ule wenye rangi ya udongo na pumba zake, tuliuona chakula cha kuku.

Vita ilipofika, treni ilisimama, halafu njia zikafungwa. Mjini kulikuwa na askari, porini kulikuwa na wengine, na aliyekwenda shambani kung'oa muhogo huenda asirudi. Ramazani akasema atajaribu kufika Kibombo kwa baiskeli akaangalie mpunga wake. Chumbani aliacha magunia ya mchele yamepangwa hadi karibu na dirisha. Siku ya kuondoka aliniambia, "Zuena, hii usiambie muntu. Hata Feza usimuambie." Akaenda. Sijamwona tena mpaka leo, wala kama ana kaburi sijui.

Feza alikuwa jirani yangu, ukuta kwa ukuta, akiishi na mama yake mzee. Tulikuwa tunaombana chumvi, moto, hata kitenge cha kwenda msibani. Ramazani alipoondoka nikaacha kumfungulia mlango. Akibisha, naumwa kichwa. Akibisha tena, nasali. Magunia niliyafunika kwa mikeka, dirisha nikalifunga, nikawa napika ndani kwa moto mdogo ili moshi usionekane. Mchele ulianza kunuka na kuingia wadudu, basi niliuosha mara nne, mara tano, mpaka maji yanatoka safi, nayamwaga, nauosha tena. Nilikula wali na chumvi, nikashushia chai ya rangi. Asubuhi hivyo, jioni hivyo. Sokoni sikwenda tena, niliogopa mtu akinitazama mashavu atajua nimeshiba.

Kama mwezi wa tatu hivi nyayo zikaanza kuwaka. Nilizitia kwenye beseni la maji na bado ziliwaka. Halafu nikahisi kama siafu wanatambaa chini ya ngozi, kutoka vidoleni hadi kwenye vifundo. Nikasema ni kukaa sana ndani, damu imelala. Siku moja kwenye sala nilisujudu, nikashindwa kuinuka mpaka niliposhika ukuta. Siku nyingine kandambili ilinitoka uani, nikatembea hadi mlangoni bila kujua. Nilipotazama chini nikaona mguu mtupu umejaa tope, na katikati ya kisigino kuna mwiba. Sikusikia chochote. Ndiyo siku niliyoogopa kweli.

Na hofu ile, wamama, sikuwa na wa kumpa hata kidogo. Mchana kutwa nilikaa kitandani kando ya magunia nikijifinya, kwanza mapaja, halafu magoti, halafu chini, kupima ganzi imefika wapi. Ilikuwa inapanda. Nikajiuliza, ikifika kiunoni mimi nitakuwa nani? Mume sina, mtoto sina, na miguu sina. Nililia mdomo umezibwa na kitambaa, Feza asisikie.

Nikamwita mzee mmoja wa dawa za miti. Alinichanja kwa wembe chini ya magoti, akapaka unga mweusi, akasema kuna mtu amenifunga miguu kwa kijicho. Damu ilitoka, wembe sikuusikia. Nami nikawaza, kijicho cha nini, na hakuna anayejua nilicho nacho? Lakini nilimshukuru, akaenda zake.

Feza ndiye aliyeleta mwuguzi. Alikuwa ameniona uani natembea nikiinua magoti juu juu kama kuku kwenye tope, maana vidole vilikuwa vinaburuzika. Mwuguzi huyo alikuwa anazunguka nyumba kwa nyumba, kwa sababu kituo chake kilikuwa kimeporwa. Niliwapokea barazani. Akaniuliza ninakula nini. Feza alikuwa amesimama pale pale, amekonda, mifupa ya shingo inaonekana, na mimi nikajibu kwamba nakula muhogo na sombe, majani yake, kama watu wote. Mwuguzi akatikisa kichwa. Akasema muhogo mchungu usipolowekwa vya kutosha huvunja watu miguu, na siku hizi kwa njaa watu wanautoa majini haraka. Akaniagiza nisile muhogo ambao haukukaa majini siku tatu. Nikaitika vizuri kabisa. Muhogo wenyewe sikuwa nimeuweka mdomoni kwa miezi.

Kesho yake Feza akaniletea matembele aliyochuma nyuma ya nyumba yake, yale aliyokuwa anakula na mama yake. Nikapokea, nikayaweka pembeni yakanyauka. Nina wali, nikajiambia, majani ya nini?

Sasa ile sehemu ninayoiruka. Wiki hizo mama yake Feza alikuwa anaishiwa nguvu. Ukuta wetu ulikuwa wa matofali ya udongo, kila neno linapita. Nilimsikia yule mzee akiomba apikiwe wali. Aliomba siku ya kwanza, akaomba siku ya pili, kwa sauti ya mtoto. Feza alikuwa anamwambia, mama, hakuna, lala. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya gunia. Nikatoa kuni jikoni ili moto uzime. Siku ya tatu nikasikia kilio. Msibani sikwenda. Nilituma neno kwamba miguu imekataa, na ilikuwa kweli imekataa, lakini aibu ilinizuia kuliko ganzi. Sijui kama sahani ya wali ingemweka hai. Alikuwa mzee sana. Sitajua.

Baada ya maziko nikaanguka chooni. Nilichuchumaa, nikamaliza haja, nikataka kuinuka, magoti yakalegea, nikakalia uchafu wangu mwenyewe. Nikaita mpaka sauti ikakwama. Aliyekuja ni Feza, kichwa bado amekifunga kitambaa cha msiba. Aliniosha kama anavyooshwa mtoto, akanibeba mgongoni. Alipotaka kuniingiza ndani nikashika mlango kwa mikono miwili, nikamwambia aniache barazani. Akasema mvua inakuja. Nikasema aniache. Akanitazama, akaenda kuniletea mkeka wake.

Mwuguzi akarudi jioni ile. Aliminya mashavu ya miguu nikapiga kelele, maana ngozi ilikuwa imekufa lakini nyama ndani iliuma. Akagonga goti kwa ukingo wa kiganja, mguu ukaning'inia tu. Akaweka sikio kifuani pangu, akakaa hivyo kwa muda. Halafu akasema polepole, "Mama, muguu ya muhogo inakazaka sawa muti. Yako imelegea. Unanidanganya. Moyo yako inakimbia, na tukiendelea hivi utakufa. Unakulaka nini?"

Feza alikuwa ameshika taa karibu yangu. Nilitaka aondoke. Hakuondoka, na mwuguzi alikuwa anangoja. Nikasema, "Muchele."

"Na nini?"

"Chumvi. Na chai."

Akaniuliza mchele gani, nikamwambia wa mashine. Akaniuliza ninauosha vipi, nikamwambia. Akapumua kama mtu aliyetua mzigo. Akaeleza kwamba aliwahi kutibu wafungwa waliokuwa wanapewa wali mweupe mtupu, na miguu yao ilikuwa hii hii. Ugonjwa unaitwa beriberi. Nguvu ya mchele iko kwenye lile ganda la ndani, mashine inaliondoa, na kidogo kinachobaki mimi nilikuwa nakimwaga na maji. Vidonge alivyokuwa navyo vilikuwa vya siku chache. Zaidi ya hapo, akasema, ni pumba, kunde, karanga na majani, kila siku, na sitaweza kujitafutia mwenyewe.

Feza alikuwa ameshaingia ndani. Nikasikia mikeka inavutwa. Alikaa mle muda mrefu. Alipotoka, viganja vyake vilikuwa vyeupe kwa vumbi la magunia.

"Mama alikufa akiomba wali," akasema. "Hukusikia?"

"Sikusikia," nikasema.

Akaondoka na taa yake. Nikajua nitafia hapo barazani, na sikuona wa kumlaumu.

Asubuhi alikuja na bakuli la uji wa pumba uliochanganywa na karanga, na matembele pembeni. Akaliweka chini. "Kula," akasema. Akageuka akatazama uani mpaka nilipomaliza, akachukua bakuli, akaenda. Siku ile ile alileta majirani, wakabeba magunia, wakagawana avenyu nzima, kila nyumba. Mimi nilitazama tu. Kuanzia hapo alikuja mara tatu kwa siku, bakuli lile lile, neno lile lile moja.

Katika wiki moja moyo ulitulia. Ganzi ilishuka polepole kuliko ilivyopanda. Mwezi wa pili nikasimama kwa kushika ukuta. Mwezi wa nne nikaenda chooni peke yangu, nikachuchumaa, nikainuka. Nililia mle ndani kwa furaha, na nilipotoka hapakuwa na mtu wa kumwambia. Majirani walinisalimia, wakapita. Hakuna aliyenitukana. Ningependa wangenitukana.

Nilipoanza kutwanga kwa kinu changu mwenyewe, Feza akaacha kuja. Na njia zilipofunguka nikasikia anahamia Obokote, kwa ndugu yake, akalime. Nilikwenda kwa miguu mpaka pale lori lilipokuwa linapakia. Njia nzima nilikuwa napanga neno nitakalomwambia. Nilipofika mbele yake nikasimama. Hakunitazama usoni, alitazama miguu.

"Inatembea," akasema.

"Inatembea," nikajibu. Lori likaondoka.

Wamama, leo natembea, navuka mto, nauza. Vidole viwili vya mguu wa kushoto havijarudi mpaka sasa, nimevizoea. Miguu ikianza kuwaka au kufa ganzi usingoje ipande, na usimwite mtu wa wembe, nenda kwa mwuguzi. Wali wako ule na kunde, na majani, na mchele usiuoshe mpaka ukafa. Mwuguzi akikuuliza unakula nini, mwambie hata kama kuna mtu amesimama pale ambaye hutaki asikie.

Mungu namshukuru kila sala. Mwuguzi nilimshukuru kwa kuku. Feza sijamshukuru, na kila anayetoka upande wa Obokote namuuliza, hakuna anayemjua. Kama kuna hapa mtu mwenye ndugu kule, namuomba apeleke neno langu. Asiseme Zuena anasalimia. Amwambie Feza kwamba nilisikia. Siku zote tatu nilisikia.