Makaburi Hayakuwamo Kwenye Orodha

"Wewe uliyesoma, hebu niambie," mama aliniuliza, "kwa nini nikiwauliza hawa watu habari ya makaburi, wote wanatazama chini?"

Tulikuwa uani tunamenya mihogo, tumetoka kwenye mkutano wa pili wa kampeni za udiwani, na vumbi la uwanja wa shule lilikuwa bado miguuni mwetu. Nilimjibu kama nilivyojibu kila kitu wakati ule: kwa sababu ni wanasiasa, mama. Akaendelea kumenya. Alikuwa na namna yake ya kunyamaza iliyokuonyesha kwamba hujasema kitu.

Kijiji chetu kiko kusini kidogo ya Kiswere, na makaburi yetu yako ukingoni mwa bahari. Wazee walipachagua pale kwa sababu ni mchanga, panachimbika kirahisi, na hakuna aliyepataka kwa shamba. Bahari ilikuwa mbali wakati huo. Sasa kila likija bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu, ukingo unamegeka. Baba yangu amezikwa safu ya mwisho upande wa bahari, nikiwa kidato cha pili. Niliporudi nyumbani na shahada yangu kusubiri ajira zisizotangazwa, kati ya kaburi lake na ukingo zilikuwa zimebaki kama hatua nne.

Nilizikadiria kwa macho, kutoka njiani. Kwetu wanawake hawaingii makaburini. Siku ya mazishi tunabaki nyumbani na vilio vyetu, na siku nyingine mwanamke akitaka kumwombea mtu wake husimama penye ua wa minyaa, husoma Fatiha yake na kurudi. Niliwahi kuuliza katazo hilo limeandikwa wapi. Nikaambiwa nisilete maneno ya chuo.

Wagombea walikuwa watatu. Wa kwanza alikuwa diwani aliyemaliza muda wake na kuomba tena. Wa pili alikuwa mfanyabiashara wa korosho, mzaliwa wa hapo, mwenye ghala Mingoyo na lori lililojulikana kijiji kizima kwa honi yake. Wa tatu alikuwa mwalimu mstaafu aliyenifundisha hesabu darasa la tano. Baba yangu mdogo, aliyemfuata baba kwa kuzaliwa, ndiye aliyekuwa meneja wa kampeni wa mwalimu.

Kila mmoja wao alianzia makaburini. Ndivyo inavyofanywa kwetu: huombi kura za walio hai kabla ya kwenda kuwasomea dua waliotangulia. Niliwaona nikiwa njiani, mmoja baada ya mwingine katika wiki moja, kanzu zimenyooshwa kwa pasi, moshi wa ubani unapeperuka kuelekea kwetu, mikono imeinuliwa, migongo kwa bahari. Bahari yenyewe ilikuwa hapo nyuma yao inakula ukingo. Kisha wakaitikia amina, wakavaa viatu, wakaenda uwanja wa shule, wakapanda jukwaani, wakasoma vipaumbele saba ambavyo havikugusa kabisa mahali walipotoka kusimama nusu saa iliyopita.

Nilikuwa na daftari. Barabara, maji, zahanati, umeme, pembejeo, vijana na wanawake, michezo. Hiyo ilikuwa orodha ya diwani. Mfanyabiashara alitanguliza umeme. Nilikasirika hadi kalamu ikatoboa karatasi. Zahanati tulikuwa nayo. Aliyekosekana ni muuguzi, aliyehamishwa na funguo akaondoka nazo. Vijana na wanawake walikuwa wamewekwa pamoja kama mahindi na kunde katika shamba moja. Mkutano wa kwanza, wa diwani, nilinyoosha mkono.

"Mheshimiwa, shikamoo."

"Marahaba, binti yangu."

"Katika hivi saba, fedha zikitosha kimoja tu, utaanza na kipi?"

"Vyote ni vya kwanza," alijibu, na watu wakampigia makofi. Wakampigia makofi!

Baada yangu akasimama mama. Alikuwa amejifunga kanga aliyogawiwa na mpinzani wa diwani huyohuyo, hakujali. Akauliza kwa sauti ya kawaida, kama anayeuliza bei ya chumvi: "Na makaburi je? Baba yake huyu anaingia majini." Diwani alitazama viatu vyake. Akasema, "Tumelipokea," akaomba swali jingine.

Mkutano wa pili, wa mfanyabiashara, mama akasimama tena. Vijana wa spika za muziki, waliokodiwa kutoka Lindi mjini, wakamdaka kabla hajamaliza.

"Bi mkubwa, marehemu hawapigi kura!"

"Kaa chini, tunataka maji siye!" akadakia mwanamke mmoja nyuma, jirani yetu, ambaye mumewe amezikwa safu hiyohiyo.

Uwanja ukacheka. Mfanyabiashara hakucheka. Aliwageukia vijana wake akawaambia wanyamaze, akatazama chini kwa muda, kisha akaashiria muziki uwekwe. Nikamwona mwoga. Niliandika hivyo kwenye daftari: mwoga.

Nikisema kweli, hata mimi sikuyaona makaburi kuwa kipaumbele. Nilimweleza mama kwa utaratibu, kama ninawasilisha kazi ya semina, kwamba bajeti ya halmashauri ni ndogo, kwamba walio hai wana haki kabla ya waliokufa, kwamba mtoto anayekunywa maji ya kisima cha chumvi hawezi kungoja mifupa ilindwe kwanza.

"Mimi sijaomba wayaweke ya kwanza," mama akasema. "Nimeomba wayataje."

Nadhani hilo ndilo lililonifanya nifanye nilichofanya kesho yake. Baba mdogo alikuja na karatasi za mwalimu, akataka nizichape kwenye kompyuta yangu, kwa kuwa ndiyo pekee iliyokuwa ikifanya kazi kijijini. Nikazisoma. Barabara, maji, zahanati. Vilevile, ila michezo ilikuwa imepanda juu ya pembejeo, maana mwalimu alikuwa mpenzi wa mpira. Nikachapa vyote saba, kisha bila kumuuliza mtu nikaongeza cha nane: kuyalinda makaburi dhidi ya bahari.

Baba mdogo aliisoma akiwa amesimama. Akatoa kalamu mfukoni akakikata cha nane mistari miwili.

"Toa hii."

"Kwa nini, baba mdogo? Ni kaka yako yule."

"Najua ni kaka yangu. Toa."

"Basi nipe sababu moja. Moja tu."

"Wewe mtoto kila kitu sababu! Hicho chuo walikufundisha kuuliza tu, kujibu hawakufundisha?"

"Sawa. Nitaandika barua kwa mkurugenzi wa halmashauri. Nitapiga picha za ukingo niziweke mtandaoni, watu wa Dar waone viongozi wetu wanavyo..."

"Picha za nini?" Alinikata kwa ukali ambao sikuwahi kuusikia kwake. "Usithubutu kwenda kupiga picha kule. Umenisikia? Usithubutu."

Akaondoka hata chai hakunywa. Nilibaki nimefura. Nilichokiona mimi ni mwanaume anayelinda kampeni. Nikafuta cha nane, nikachapa nakala hamsini.

Mkutano wa tatu, wa mwalimu, ulikuwa alasiri ya Ijumaa. Mama alisimama kama kawaida, na safari hii watu walianza kucheka kabla hajafungua mdomo. Mwalimu aliwanyamazisha kwa mkono, vile alivyokuwa akilinyamazisha darasa.

"Dada yangu," akasema, "hilo tuachie sisi wanaume."

"Nimewaachia miaka mingapi?" mama akauliza.

Mwalimu akatazama chini.

Mama hakurudi nyumbani moja kwa moja. Alipita kwa jirani akaazima magunia matupu ya korosho, mwenyewe anajua aliahidi kulipa nini. Kesho yake baada ya swala ya alfajiri aliniamsha, tukashuka ufukweni maji yakiwa yametoka, tukaanza kujaza mchanga. Hatukuingia makaburini, tulipita chini, upande wa bahari, kwa hiyo desturi haikuvunjwa, au ilivunjwa kwa namna ambayo mama aliweza kuibeba. Tulipanga magunia chini ya ukingo, mkabala na kibao cha baba kilichoonekana juu kimeinama kidogo. Gunia la mchanga mbichi ni zito kuliko mtu. Tuliyaburuta. Mama alikuwa na miaka karibu sitini na goti bovu, na alikuwa anaimba kwa sauti ya chini, kwa Kimwera, wimbo ambao hakuwahi kunifundisha.

Siku ya tatu alikuja jirani yule aliyepiga kelele kuhusu maji. Aliinama akaanza kujaza. Siku ya nne tulikuwa wanawake saba, na ndipo wanaume wakaja, baba mdogo mbele.

"Shemeji, tokeni hapo! Mtaangukiwa na ukingo."

"Mimi niangukiwe, wewe kinakuuma nini?"

"Tokeni, nasema. Mnatutafutia matatizo."

"Njooni basi mshike koleo!" jirani akawapigia kelele. "Si mmesema tuwaachie? Haya, tumewaachia, shikeni!"

Hakuna aliyeshika. Walisimama juu ya ukingo, wanaume kumi na kitu, wakitutazama kwa nyuso ambazo mimi nilizisoma kuwa ni za aibu tu, nikafurahi kwamba wana aibu. Mmoja wao alikuwa analia. Nilidhani ni moshi wa sigara yake.

Uchaguzi ulifanyika siku tatu kabla ya bamvua. Mama, ambaye hajawahi kukosa kupiga kura maisha yake yote, aliiacha kadi yake kwenye sanduku la nguo akashinda anatwanga. Mwalimu alishinda. Usiku ngoma zilipigwa, na baba mdogo alibebwa juu juu pamoja na mheshimiwa wake.

Kisha maji yakaja. Yalikaa siku mbili. Yalipotoka tukashuka na mama, na magunia hayakuwepo, hata moja, na ukingo ulikuwa umerudi nyuma zaidi ya hatua sita. Safu yote ya mwisho ilikuwa imekwenda. Nilimshika mama mkono nikamtangulia kwa sababu niliogopa atakachokiona. Nilitazama pale chini kote. Niliona mchanga, mizizi, na kibao kimoja kilichofutika maandishi. Nikashukuru kwamba bahari ilikuwa imechukua kila kitu, ikatupunguzia hilo.

Mama alikaa ndani siku saba. Alipika wali wa khitma mara ya pili kwa mume mmoja, na waliokuja kuisoma ni wanaume walewale. Walikula wameinamisha vichwa. Mwalimu, sasa mheshimiwa diwani, alikula kidogo sana. Nilisimama mlangoni na sinia nikawachukia kila mmoja wao, kwa jina.

Baada ya mwezi nilipata kazi ya mkataba Lindi mjini, nikapanga chumba Mtanda. Mama nilimtembelea kila mwisho wa mwezi. Tuliongea mengi, ila makaburi hatukuyagusa tena. Alizoea kumwombea baba akiwa jikoni, ameelekea popote.

Ilikuwa miaka sita baadaye, baba mdogo amelazwa hospitali na mimi nimekaa kando ya kitanda namkunia mgongo, aliponiambia, bila kuulizwa, akitazama ukuta.

Baba hakuchukuliwa na bahari. Wiki chache kabla ya kampeni zile, alfajiri moja, wanaume wa kijiji walifukua safu yote ya mwisho, marehemu kumi na wawili, wakawahamishia nyuma ya shamba la zamani la msikiti, wakawazika upya bila vibao. Vibao vya zamani waliviacha palepale ili pasionekane pameguswa. Kuhamisha kaburi kunataka kibali cha serikali, na diwani aliyekuwepo ndiye aliyewaambia kwamba kibali kitachukua mwaka na bahari haitangoja. Akawaambia wafanye, yeye hajui kitu. Sanda zilitolewa na mfanyabiashara wa korosho. Mwalimu alishika upande wa kichwa wa baba. Hawa watatu walipopanda majukwaani kugombana kuhusu barabara na umeme, kila mmoja alikuwa ameishika siri ya mwenzake, na kutaja makaburi kungewafikisha wote mahakamani.

"Mama je?" nikamuuliza. "Mlimwacha ajaze mchanga kwenye magunia? Mkaja kula wali?"

Akafumba macho. Akasema walikuwa wamekubaliana kuwaambia wajane wote, polepole, mmoja mmoja, na mama alikuwa wa kwanza kwa sababu ndiye aliyekuwa akisimama njiani mara nyingi kuliko wengine. Siku iliyopangwa ilikuwa Ijumaa. Mimi nilishuka kwenye basi Alhamisi, na jioni hiyohiyo nikaanza kuuliza watu maswali na kuyaandika majibu yao kwenye daftari, na wanaume wakakaa wakaamua kwamba kuanzia nyumba ile hakuna atakayeambiwa.