Aliyeifuta Sentensi ya Mokeira

"Usiniambie habari ya haraka," Mokeira alisema. "Hata mwizi wa kuku huwa na haraka."

Watu waliokuwa kwenye kituo cha kupimia majani ya chai pale Sironga waliinama wakajifanya wanachambua majani yao, lakini masikio yalikuwa kwa wanawake hao wawili. Linet alikuwa ameshika kikapu mbele ya tumbo kama ngao, kikapu ambacho hata hicho alikiazima kwa Mokeira.

"Nilikupa mpaka neno la siri la akaunti yangu. Ukaingia kwa jina langu, ukafuta sentensi yangu, halafu ukamwambia Geoffrey haikuwahi kuwepo."

Linet alinong'ona kwamba mambo hayo yangezungumzwa nyumbani.

"Nyumbani kwa nani? Kwangu ulishakula ukamaliza."

Wasiojua walidhani ni habari ya mume. Afadhali ingekuwa mume.

Ni hivi. Mokeira, mama yake Valentine, asubuhi huchuma chai na mchana hufungua kompyuta. Kazi aliipata kwa Geoffrey, mwenye ofisi mjini Kisii juu ya duka la vitambaa la Mulki, ambaye huletewa kazi za kuandika na kampuni ya ng'ambo. Kampuni hiyo hukodisha seva, yaani mashine ambamo vijana wa dunia nzima hukutana kucheza michezo ya kujenga miji. Siku hizi hazitunzwi na mtu. Zinatunzwa na programu za akili mnemba, ambazo wenyewe huziita maajenti. Ajenti ana zana zake kama fundi, ila hajui kuzitumia mpaka asome maelezo, na akishasoma hutenda vile vile alivyosoma. Hana jirani wa kumuuliza.

Mokeira alipewa kuandika maelezo ya zana ya kuorodhesha mafaili. Ni zana ndogo. Unaitajia folda, inakutajia majina ya yaliyomo. Haifungui kitu, haifuti kitu. Mwingine angeandika hayo akaenda kupika. Mokeira aliijaribu kwanza, akaona folda usiyoruhusiwa kuiona inaleta orodha tupu, sawasawa na folda isiyo na kitu. Akamkumbuka shemeji yake Masese, aliyechungulia ghala gizani kupitia ufa, akatangaza wimbi, ile nafaka ya ugali, limekwisha. Mama mkwe akanunua wimbi sokoni Nyaramba huku lake linaoza nyuma ya mlango.

Basi akaandika: Orodha tupu haimaanishi folda ni tupu. Huenda hujaruhusiwa kuona. Usianzishe kitu kipya hapo kabla ya kuuliza.

Linet ni jirani yake. Kompyuta alifundishwa na Mokeira, mezani kwa Mokeira, kwa umeme wa Mokeira. Alipopata kazi ya kuhakiki maandishi kwa Geoffrey huyo huyo, akaunti yake ilikuwa bado haijapitishwa, akaomba atumie ya rafiki yake. Huku watu huazimana jembe, sufuria, hata mtoto wa kutumwa dukani. Nani angemnyima mwenzake akaunti?

Geoffrey alikuwa amesema kampuni inapenda maelezo mafupi, na kwamba anatafuta mkuu wa wahakiki. Linet akaona ngazi hiyo. Akakata ile sentensi, maelezo yakawa mafupi na safi, naye akasifiwa kwa kupitisha kazi nadhifu.

Kisha ajenti mmoja akapata orodha tupu. Akaona hapa ni kiwanja, akaanzisha mji mpya juu ya mji ambao watoto wa watu walikuwa wameujenga kwa miaka. Ukafutika wote. Kampuni ikafoka, Geoffrey akatafuta jina la mwenye kosa, akakuta la Mokeira. Alipomuuliza Linet, akajibu kwamba maelezo yalimfikia vivyo hivyo. Mokeira akaachishwa kazi kwa simu, mikono ikiwa na unga. Alijitetea, Geoffrey alisema akaunti haidanganyi, akakata.

Na Sabato iliyofuata Linet alikaa naye benchi moja, wakaimba kutoka kitabu kimoja. Hiyo ndiyo iliyomchoma Mokeira alipokuja kusikia kutoka ofisini Linet alivyojibu, akakumbuka nani mwingine alikuwa na neno lake la siri. Kazi yake ilikuwa midomoni mwa Linet, neno moja tu lingeirudisha, na midomo hiyo ilikuwa inaimba.

Baada ya ugomvi wa kituoni watu walingoja kuona. Sasa, kuna jambo moja. Kwetu kuna risaga: leo tunachuma kwako, kesho kwangu. Linet alipojifungua, Mokeira alimchumia chai siku nzima, na siku hiyo ilikuwa haijarudishwa. Anayekuja kulipa siku hafukuzwi, hata kama mmenyimana salamu.

Jumatatu asubuhi Linet alitokea, kikapu mgongoni.

"Bwakire," alisalimu.

Mokeira alimtazama toka kichwa hadi matope ya viatu. "Mstari wako ni ule wa juu."

Walichuma mpaka jua likakaa juu ya vichwa. Linet alichuma vizuri, hakuokota majani magumu ya kujazia.

"Mama Valentine," alisema mwishowe, "ningesema ukweli, kile cheo ningekikosa."

"Na umekipata."

"Nakaa nacho kama nguo ya kuazima."

"Cha kuazima huombwa. Wewe hukuomba."

Linet alitoa simu, akaiweka sauti juu, akampigia Geoffrey pale pale katikati ya chai. Alimwambia sentensi ilikuwepo, aliikata yeye, kwa akaunti ya Mokeira, na alipoulizwa alidanganya. Geoffrey alimwambia arudie, akarudia. Kisha akamwambia Linet afike ofisini kesho yake, na akamuomba Mokeira airudishe sentensi leo na aendelee na kazi.

"Nitairudisha," Mokeira alisema. "Na asiiguse mtu kabla ya kuniuliza."

Mwenye risaga hulisha aliyemfanyia kazi, hilo halina mjadala. Mokeira alimpakulia ugali wa wimbi na mboga ya chinsaga, akampa maji ya kunawa. Linet alisogea kwenye benchi kumwachia nafasi kama zamani. Mokeira alichukua sahani yake akaenda kula jikoni.

Linet alipoinuka kuondoka, alimkuta mlangoni.

"Siku yako imelipwa, Linet. Hatudaiani chai," Mokeira alisema. "Kikapu kiache hapo. Ni changu."