Kolokolo Mwenye Uzi Mwekundu

Sogea karibu, rafiki yangu, nikueleze habari za samaki ambaye huenda hujawahi kumla. Juzi nilikuwa namimina chakula cha kuku nyuma ya nyumba yangu hapa Mbinga, kitu kikanichoma kidoleni. Nilipoipekua pumba nikaukuta mwiba mfupi, mgumu, wenye meno madogo upande mmoja kama msumeno. Muuzaji alikuwa ameniambia kwamba humo wanasagia dagaa pamoja na samaki wa ovyo kutoka ziwani. Samaki wa ovyo! Niliketi juu ya ndoo na ule mwiba kiganjani, kuku wakinizunguka na kunilalamikia, na mawazo yangu yakashuka milima yote ile mpaka kando ya Ziwa Nyasa, kwa bibi yangu mzaa mama.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Kama hukuiwahi, ni ile miaka ambayo maduka yaliyozoea rafu tupu yalianza kujaa tena, mitumba ikamwagwa sokoni, na wanunuzi binafsi wakapanda kwetu milimani, Umatengo, kugombea kahawa ambayo zamani ilikuwa na mnunuzi mmoja tu. Mama yangu alikuwa amejifungua kwa shida, na baba akaona nishuke ziwani shule zikifungwa, nirudi zikifunguliwa. Nilivalishwa sweta jekundu la mtumba, zito, zuri, lenye harufu ya mbali. Nikapandishwa kwenye lori la mahindi, nikashuka nalo kona baada ya kona hadi joto likanipokea kama mvuke wa chungu.

Lori lile halikurudi kunichukua. Mvua ilianza, udongo ukaporomoka juu ya barabara, na kila aliyepita kwa miguu alileta habari ileile kwamba njia imekatika. Ziwani nako mawimbi yalikuwa makubwa, meli haikuonekana. Ukitazama nyuma ni milima imejifunika ukungu, ukitazama mbele ni maji yasiyo na ng'ambo. Shule zikafunguliwa kule juu bila mimi. Nilikuwa nikikaa mlangoni kwa bibi na sweta mapajani, maana haikuwezekana kulivaa katika joto lile. Nililishika tu. Lilikuwa nguo ya kwetu, ya baridi, na nilijiambia siku nitakayolivaa ndiyo siku nitakayokuwa njiani.

Bibi alikuwa na wavu. Si jambo la kawaida mwanamke kuwa na wavu wake, lakini babu alipofariki aliuacha, na bibi hakuuuza. Mjomba wangu ndiye aliyeutega jioni karibu na miamba na kuuleta asubuhi. Kutoka katika wavu huo tulipata kitoweo cha kulia ugali wa muhogo, na samaki waliozidi walibadilishwa kwa sabuni, chumvi na mafuta ya taa. Hatukuwa na kitu kingine. Ukiuondoa wavu ule, unamwondoa bibi pale ufukweni.

Sasa nikueleze kuhusu kolokolo. Ni samaki asiye na magamba, mwenye sharubu, madoadoa na urefu wa kiganja hivi. Ana miiba mitatu, mmoja mgongoni na mmoja kila ubavu. Akiogopa huifungua yote mitatu na kuikaza, ikafungana kama komeo. Hapo huwezi kumvuta mbele wala nyuma, na kadiri unavyomvuta ndivyo anavyozidi kukaza. Wakati huohuo anakulilia kwa sauti ya kukwaruza, kolo, kolo, kolo, na ndiyo maana tukamwita hivyo.

Wavuvi walimchukia. Nyavu za zamani zilikuwa za uzi mnene na zilimstahimili kidogo. Lakini katika miaka hiyo ya ruksa zilikuja nyavu mpya za nailoni, nyembamba kama unywele, na kolokolo mmoja aliweza kuzungusha macho ya wavu mpaka yawe donge. Kwa hiyo asubuhi ufukweni ulisikia mawe yakigonga. Walimvunja miiba palepale, wakamng'oa pamoja na nyuzi, wakamtupa mchangani ajifie. Hakuliwa, hakurudishwa. Na walikuwa na sababu yao, waliyoirithi kwa baba zao, kwamba kolokolo akirudi ziwani mzima, kesho ataleta ukoo wake.

Bibi hakufanya hivyo. Yeye aliusafisha wavu wake ndani ya maji. Aliketi penye kina kifupi, kanga ameifunga kiunoni, maji yakimfika tumboni, na kila alipomkuta kolokolo alimzamisha pamoja na wavu, akamshika chini ya tumbo, akatulia. Hakufanya kitu kingine, ungedhani anaota. Halafu polepole ile miiba ililala, mmoja, wa pili, wa tatu, na samaki akateleza kutoka kama sabuni. Vijana walimcheka. Walisema bibi anabembeleza watoto wa watu. Naye aliwajibu, "Mwenye hofu hafunguliwi kwa kuvutwa," na akaendelea na kazi yake.

Mwaka huo usipa, wale dagaa wa ziwa letu, walipotea. Watu walitoka alfajiri na kurudi na mitumbwi mitupu, au mbaya zaidi, na nyavu zilizojaa kolokolo. Njaa ikiingia mahali, watu hutafuta ilipoingilia. Haikuchukua muda macho yakageukia pale bibi alipokuwa akiketi majini.

Mwenyekiti wa wavuvi alikuja kwetu jioni moja mvua ikinyesha. Alikuwa mtu mkubwa wa mwili, mpole, mwenye mtumbwi ambao mjomba alikuwa mmoja wa wapiga kasia wake. Aliinama mlangoni asigonge paa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa karibu na moto."

Alikaa, akasifu harufu ya usipa wa zamani waliokaushwa kwa moshi darini, akaniuliza mimi habari za milimani kana kwamba nilitoka huko jana. Ndipo akasema alichotumwa. Watu wamekasirika. Wanataka bibi avunje miiba kama wengine, au wavu wake usiingie tena maji yale. Na mjomba asiutege, maana atakayeutega hana nafasi kwenye mtumbwi wake.

Mjomba alikuwa pale, akitazama sakafu. Alikuwa na mke na watoto wadogo nyumba ya jirani, na mtumbwi ule ndio uliowalisha. Bibi alimtazama, kisha akamhurumia na kuacha kumtazama. Nilielewa, hata kwa umri wangu, kwamba hakuna aliyekuwa na mlango wa kutokea.

"Umewahi kumwona kolokolo niliyemrudisha mimi?" bibi aliuliza.

"Mama, samaki ni samaki. Nitamjuaje?"

"Basi nitakuwekea alama. Mpaka mwezi mwingine uandame. Akirudi na ukoo wake, wavu nitauchana kwa mkono wangu, ukafungie fito za banda lako la mbuzi."

Mwenyekiti alicheka kidogo, kwa kuwa ilikuwa ahadi ya kuchekesha, lakini bibi hakucheka. Mwenyekiti akakubali wavu uendelee kutegwa mpaka siku hiyo. Mjomba alitoka nje bila kusema usiku mwema.

Alama yenyewe ilitoka wapi? Bibi aligeuka akaniangalia, akaliangalia sweta mapajani mwangu. Uzi mwekundu unaonekana majini, alisema, na kanga zake zote zilikuwa zimefifia. Aliniomba kwa upole kama anavyoombwa mtu mzima, na akaniambia naweza kukataa. Nilikaa nalo usiku kucha. Asubuhi nikampa mkono mmoja wa sweta.

Tangu siku hiyo kila kolokolo aliyetoka katika wavu wetu alifungwa uzi, fundo legevu penye shina la mkia, lisimbane akiogelea. Mimi ndiye niliyefumua. Uzi ulitoka kwa mawimbi mawimbi, na mkono wa sweta ukapanda kutoka kifundo hadi kiwiko. Mvua haikukoma. Nilihisi kama ninafumua njia ya kurudi kwetu, na nikifika begani sitakuwa na pa kwenda tena.

Kila asubuhi nilipita kwenye nyavu za watu nikiogopa rangi nyekundu. Vijana walinitania. "Mmatengo, unatafuta sweta lako?" Walinionyesha ganda la nyanya, petali ya ua, wakisema ukoo huo umefika. Mjomba aliendelea kuutega wavu wetu, lakini alikuwa akitega kama mtu anayeiba, na mke wake hakuja tena kwetu kuomba moto.

Mkono wa kwanza uliisha. Nikaanza wa pili.

Halafu asubuhi moja, mwezi ukiwa umekonda, nilisikia watu wakipanda kutoka ufukweni kwa pamoja. Mwenyekiti alikuwa mbele, ameshika beseni la bati. Ndani yake kulikuwa na maji kidogo na kolokolo mmoja, na mkiani uzi wangu, umekolea kuliko ulivyokuwa siku ya kuufunga. Bibi alikuwa anatwanga. Akauweka mchi chini, akafuta mikono, akachungulia beseni kwa muda mrefu.

"Ni wangu," alisema. "Alikuwa kwenye wavu wako?"

"Kwenye wangu, mama."

"Na wenzake?"

Mwenyekiti alilitua beseni chini. Alikuwa mtu mkweli, na nadhani ndilo lililomsumbua njia nzima. "Kolokolo ni huyu tu," alisema. "Wengine ni vituhi, samaki wa kula."

"Mmoja?"

"Mmoja."

Bibi aliwatazama wote waliosimama nyuma ya mwenyekiti. "Masikini. Basi ukoo wake umemkataa."

Mtu mmoja akacheka, halafu wa pili, na kicheko kikapita katikati ya watu kama upepo katika mihogo. Hakikuwa kicheko cha kumdhihaki mwenyekiti. Walikuwa wamechoka, na kwa muda mrefu hakukuwa na cha kucheka. Mzee mmoja bado alisema kwamba ukoo huenda uko njiani, na wengine waliamini hivyo mpaka walipokufa, sitakuficha. Lakini hakuna aliyesema tena wavu uchanwe.

Mwenyekiti alibaki wengine walipotawanyika. Aliuomba wavu wa bibi auone. Akautandaza juu ya uzio, akapitisha vidole vyake vikubwa jicho kwa jicho. Haukuwa na tundu. Wa kwake ulikuwa mpya kuliko huo na ulikuwa umechanika kila mahali kolokolo walipong'olewa.

"Mama," alisema, bila kumtazama, "unamtoaje bila kukata?"

Tulishuka naye. Yule mtu mkubwa akaketi majini na kaptula yake, magoti yametokeza kama miamba, na bibi akamkabidhi samaki aliyenaswa asubuhi ile. Akavuta. Bibi akampiga kofi dogo mkononi kama mtoto. Akajaribu tena, akatulia, uso umemkunjamana kwa subira, na nikaiona miiba ikilala. Samaki aliteleza akaenda zake, na mwenyekiti akaendelea kuketi pale, kiganja wazi ndani ya maji matupu. Mjomba alikuwa amesimama nyuma yetu, na hapo ndipo nilipomsikia akishusha pumzi.

Njia ilifunguka baadaye, mvua zilipopungua. Nilipanda lori nikiwa nimevaa kile kilichobaki, na tulipofika penye baridi mikono yangu ilijaa vipele. Mama alinipokea, akaligeuza sweta huku na huku, akauliza mikono imekwenda wapi. Nikamwambia iko ziwani inaogelea.

Bibi hayupo. Mwenyekiti hayupo. Nailoni imekuwa nyembamba zaidi na macho ya nyavu madogo zaidi, na siku hizi hakuna samaki asiyetakiwa, kila kitu kinaanikwa, kinasagwa, kinauzwa. Ungedhani ni nafuu kwa kolokolo, lakini sivyo. Zamani angalau alikuwapo mtu mmoja aliyemtazama na kuamua kwamba kutohitajika si kosa. Sasa hatazamwi kabisa. Sauti ile ya kukwaruza sijaisikia ufukweni miaka mingi, na watoto niliowauliza hawajui ninazungumzia nini.

Ila ziwa ni kubwa, na huenda siku moja wavu wako ukamleta. Usitafute jiwe. Lowesha mikono yako kwanza, umrudishe chini ya maji pamoja na wavu, umshike tumboni bila kubana, na usivute mpaka miiba yote mitatu ilale.