Jiko Lisilo na Moshi

Juzi, dukani Mbinga mjini, muuzaji alinionyesha hita ya umeme, yenye mafuta yaliyofungiwa ndani. "Mama, hii haina moshi. Mfungie mjukuu wako madirisha, alale." Nikafunga pochi, nikakumbuka jiko la Baba.

Nilikuwa mdogo. Baba alikuwa ameuza kahawa kwa wanunuzi wapya waliokuja na malori, akarudi na jiko la mafuta ya taa. Mama alikuwa na kichanga, na ukungu ulishuka mpaka mlangoni. "Hili si la kuni," Baba alisema, "halina moshi. Fungeni kila kitu." Mama akaziba dirisha kwa gunia. Harufu ya mafuta ya taa ilijaa nyumbani, nami niliiona ndiyo harufu ya watu wenye uwezo.

Alasiri hiyo nilikuwa uani napukuchua mahindi. Bibi alimwita Mama aliyekuwa ndani na mtoto, asiitikiwe. Akasukuma mlango, akamburuta mpaka kwenye nyasi zilizolowa.

"Bibi, baridi itamuua!" nililia.

"Nyamaza, lete maji!"

Alipomtoa mtoto, alimmiminia maji kichwani huku akinong'ona maneno. Nikadhani anamwamsha. Mama alikohoa, akafumbua macho. Mtoto hakuamka. Nilikuja kuelewa ukubwani kwamba Bibi alikuwa akimbatiza.

Hita niliinunua. Nimeeleweshwa kwamba haiunguzi kitu, haitoi hewa ya sumu kama jiko lile, na naamini. Ila binti yangu akifunga dirisha, mimi nalifungua.

"Mama, baridi inaingia."

"Iache iingie, mwanangu."