Wazee wa Chini ya Kiti

Mama mkwe wangu hukubali kushindwa na mtu mmoja tu, na mtu huyo bado hajazaliwa. Maneno hayo ni ya mdogo wake, fundi umeme ambaye nyumbani tunamwita Mjomba. Huyasema akiwa amesimama mbali kidogo, mahali ambapo kandambili ya Mama haiwezi kumfikia.

Mama ana gari la umeme la magurudumu matatu: mbele kiti, nyuma bodi la mizigo. Watu wamelibatiza Kobe. Kila alfajiri alikuwa anainua kile kiti, na chini yake zimejipanga betri za maji, nyeusi, nzito. Anafungua kizibo kimoja kimoja na kuzinywesha maji ya betri kutoka kwenye dumu, taratibu, kama mimi ninavyomnywesha mwanangu uji.

"Kunyweni, wazee wangu. Leo kilima kinatungoja."

Kilima hicho ndicho kilichokuwa kinamnyima usingizi. Kazi yake ni kupandisha magunia ya unga kutoka ghala la bondeni hadi bekari iliyo juu. Betri zilishachoka, kwa hiyo mzigo wa asubuhi aliugawa safari mbili, na ya pili ilifika waokaji wameshakunja mikono. Mwenye bekari akamwambia, "Dada yangu, mimi nakupenda, lakini tanuri halijui mapenzi. Jumatatu unga wote upande kwa safari moja. Ukishindwa, kazi nampa Moshi."

Moshi ana gari kama la Mama, ila la petroli. Jina lake waulizeni wanaoanika nguo nyeupe kando ya barabara.

Basi Mjomba akaleta betri ya lithiamu. Aliingia nayo uani ameikumbatia peke yake, anapiga mluzi. Mama akamtazama tangu utosini hadi kwenye kucha za miguu.

"Nyingine ziko wapi?"

"Ni hii tu, dada."

"Hiyo si sanduku la viatu?"

"Ina nguvu kuliko zile zote pamoja. Haitaki maji. Ukiielemea kupita kiasi inajizima yenyewe isiharibike. Punguza mzigo, iwashe tena, twende."

"Kumbe inasusa."

"Inajilinda."

"Marehemu shemeji yako naye alikuwa anajilinda, kila nikimwambia anishikie gunia."

Mjomba akazitoa zile za zamani kwa kuhema, akazipanga ukutani, akaahidi kuja jioni kuzipeleka kwa wanunuzi wa betri chakavu. Jioni hakuzikuta.

"Zimechukuliwa," Mama akasema.

"Na nani?"

"Na mwenyewe."

Mjomba akajikuna shingo, akaenda zake.

Lakini uani ndimi ninayefagia, na macho hayana pazia. Mjomba alisema Kobe atainuka mgongo kwa wepesi; mbona madigadi ya nyuma ilikuwa bado inakaribia kubusu gurudumu? Halafu lile dumu. Betri mpya hainywi, na maji yanapungua.

"Mama, dumu linavuja?" nikamwuliza.

"Joto hilo, mwanangu. Linakausha."

Dumu lilikuwa na kifuniko.

Jumatatu nilifuatana naye kushika turubai lisipeperuke, mtoto mgongoni. Magunia yote yakapakiwa. Kobe akakianza kilima kwa kasi ambayo sijawahi kuiona kwake, mpaka mwanangu akacheka kwa sauti. Kwenye kona kali alikuwa ameegesha Moshi, mikono kifuani, amekuja kutazama sinema ya bure.

Hapo hapo, kimya. Kobe amezima.

Mama akavuta breki ya mkono, mimi nikaruka nikatia jiwe nyuma ya gurudumu. Akawasha swichi. Hakuna kitu.

"Mama Kobe!" Moshi akaita. "Lete magunia huku. Kobe na kilima wapi na wapi?"

Mama akabonyeza swichi tena, na tena.

"Imesusa," akanong'ona.

Nikamsogelea sikioni. "Imeelemewa, Mama. Wazee wakishuka kidogo?"

"Wazee gani?"

"Wanaokunywa maji ya dumu."

Akanitazama. "Umejua tangu lini?"

"Tangu joto lilipoanza kupita kwenye kifuniko."

Nikadhani kandambili inakuja. Badala yake akashusha pumzi. "Gari jepesi linarukaruka, mwanangu. Na hao ndio walionisomeshea mumeo. Niwatupe kwa sababu kaja mgeni?"

"Hatuwatupi. Wanapumzika."

Mama akashuka, akainua kiti. Walikuwemo wote, wamembana mgeni katikati kama abiria wa sikukuu.

"Moshi! Hebu njoo, baba, nishikie kitu."

Moshi akaja akicheka. Akapokea mzee wa kwanza, kicheko kikamshukia magotini.

"Mshike wima! Hiyo tindikali itakula suruali."

Akawapanga mmoja mmoja kando ya barabara, jasho likimtiririka. Mama akarudi kitini, akawasha. Taa ikawaka. Nikaondoa jiwe, Kobe akakimeza kilima kilichobaki.

"Mama Kobe! Na hawa je?"

"Walinde! Wamezeeka, usiwaache peke yao!"

Mwenye bekari alikuwa mlangoni. Akayatazama magunia, akamtazama Mama, akapiga kelele kwa waokaji walio ndani: "Kandeni!" Kisha akamwambia Mama, "Kesho usichelewe."

Tuliporudi, Moshi alikuwa bado analinda, ameketi juu ya mzee mmojawapo. Suruali ile ilitoboka wiki hiyo hiyo. Na alikuwa ameshaonywa.

Mjomba akawachukua wazee jioni hiyo. Mama aliwasindikiza hadi barabarani, akidai anakwenda kununua chumvi.

Asubuhi yake nilimkuta uani, ameinua kiti, dumu mkononi, hana wa kumnywesha. Nikalichukua dumu polepole, nikampa kikombe cha uji na mjukuu wake. Akakaa kwenye kiti cha Kobe.

"Kunywa, mzee wangu. Leo kilima kinatungoja."

Mwanangu akapokea, akafikiri, akamtemea wote kifuani.

"Haya," Mama akasema, akijipangusa. "Na huyu anajilinda."