Simu ya Masanja Ilivyonivua Nguo Ukweni

Hili jambo nilikuwa nimekusudia nife nalo, lakini kwa kuwa Masanja ameshalitangaza Nyakato nzima, tena na chumvi ya kwake juu, bora mlisikie kwangu mimi mwenyewe niliyeaibika, mcheke mara moja yaishe.

Mimi ni karani wa stoo katika kiwanda kimoja pale Nyakato, na kazini wananiita Daktari wa Simu, si kwamba natengeneza simu (hata kubadilisha betri sijawahi), ila ni kwa ubishi tu. Simu kubwa ikitoka huko ughaibuni, kabla haijagusa Mwanza mimi nimeshaangalia video zake zote, nimeshajua ina kamera ngapi na kwa nini wameipinda kona. Kipindi hicho ubishi ulikuwa wa simu mbili. Moja bapa, kioo mbele, kioo nyuma, tukaipa jina Kigae. Nyingine inakunjwa katikati, ukiifungua inakuwa pana, hiyo tukaiita Kitabu. Mimi nilikuwa Kigae damudamu, nilikuwa naweza kuacha chakula kikapoa namweleza mtu ubaya wa simu yenye bawaba, na wakati huohuo simu iliyokuwa mfukoni mwangu ilikuwa na ufa kutoka kona hadi kona na mfuniko wake wa nyuma umeshikwa na rababendi. Hilo walikuwa hawaniulizi, na mimi nilikuwa siwakumbushi.

Sasa, wakati huo nilikuwa na mchumba, Kabula, fundi cherehani, mwaka wa pili tuko pamoja, na siku ikapangwa twende kwao Ilemela kupeleka posa. Mshenga wangu alikuwa Mzee Kulwa, mzee wa kanisa letu, mtu mwenye maneno matamu na mkono mwepesi wa kufinya. Akaniita kwake akanipa maagizo: "Shija, ukweni wewe ni mzigo wangu. Mzigo hauongei. Ukiulizwa, nitajibu mimi. Ukisikia kiu, utaniangalia mimi. Umeelewa?" Nikamwambia nimeelewa, shikamoo, na kweli nilikuwa nimeelewa.

Kosa langu lilikuwa moja tu, dogo kabisa. Nilisikia kwamba baba yake Kabula, Mzee Lubango, ametumiwa Kitabu na binti yake mkubwa anayeishi nje, na kwamba mzee haiweki chini, anaifungua na kuifunga siku nzima. Nikajiangalia mimi na rababendi yangu. Nikaona nitaingiaje pale, mtu mzima, nikae mbele ya baba mkwe mwenye simu ya maana wakati yangu inavuliwa kama soksi? Nikamwendea Masanja wa upakiaji, ambaye ndiye aliyekuwa na Kigae chenyewe pale kiwandani, nikamwomba aniazime kwa siku moja. Akagoma, nikambembeleza, akakubali kwa masharti: nisiiache juani, nisimpe mtu yeyote aishike, na mkewe asijue. Tukabadilishana laini kwa pini, yangu ikaingia kwenye Kigae, yake ikaingia kwenye gofu langu, akanipa na namba ya siri ya kufungulia. Tukadhani tumemaliza. (Kumbe zile meseji za intaneti hazifuati laini, zinafuata simu ilipo. Daktari wa Simu mzima, hilo sikulikumbuka.)

Nyumba ya kina Kabula iko juu ya mawe, unapanda ngazi zilizochongwa kwenye mwamba mpaka mapafu yanakuomba msamaha, halafu ukigeuka unaliona ziwa lote. Tukapokelewa vizuri. Sebuleni walikuwepo Mzee Lubango, mkewe, shangazi mmoja na bibi yake Kabula, bibi mwembamba mwenye macho makali, amekaa kwenye mkeka na kuegemea ukuta. Kabula mwenyewe, kama ilivyo desturi, alikuwa chumbani, hatoki mpaka aitwe. Mzee Kulwa akaanza, akazunguka weee, mara tumeona ua zuri, mara tunaomba kuchuma, mambo yanaenda kama maji. Mimi nimekaa kimya kama mzigo. Nilichofanya ni kuiweka tu simu mezani, taratibu, mgongo juu, ili kamera zionekane.

Mzee Lubango akaiona. Mzee huyu alikuwa fundi mitambo kwenye kivuko pale Busisi miaka na miaka mpaka alipostaafu, na mtu wa mitambo akiona kitu kimeundwa lazima akiulize. Akamkatiza mshenga katikati ya ua.

"Samahani, mshenga. Kijana, hiyo ndiyo ile yenye kioo pande zote?"

Mzee Kulwa akajibu, "Ndiyo yenyewe, mzee," akaniangalia kwa fahari, maana naye alidhani ni yangu.

Mzee Lubango akainama, akailaza chali, akaigusa kona kwa kidole kimoja. Simu ikatikisika, tikitiki, kwa sababu zile kamera zimetuna mgongoni. "Fundi gani anaunda kitu kisichokaa mezani?" akauliza. Halafu akairudisha ilivyokuwa, akatoa Kitabu chake mfukoni, akakifungua, akakiweka, kikakaa. "Ona hii. Imetulia."

Hapo ndipo nilipotakiwa kunyamaza, nyinyi wote mnajua, mimi mwenyewe nilijua, lakini mtu amekitukana Kigae mbele yangu! Mdomo ukafunguka wenyewe. "Mzee, kwa heshima zote, hiyo yako mbona katikati ina mkunjo kama suruali iliyokosewa pasi? Na wewe ni fundi, unajua bawaba ni kitu cha kuchakaa." Nikasikia paja langu linafinywa. Sikujali. Mzee macho yakamwaka kwa raha, akasogeza kiti, akasema bawaba haichakai ikitengenezwa na mtu anayejua kazi yake, kwamba milango ya kivuko ilifunguka na kufungwa miaka yote ile na magari juu yake. Nikamjibu, naye akanijibu, akaniuliza kwa nini simu ya bei hiyo inauzwa bila chaja, huko si ndiko kununua ng'ombe ukaambiwa mkia uko kwa mwingine? Nikacheka, naye akacheka. Kwa kweli nilianza kuona nimeshapata mke.

Kwa hiyo nikamaliza na silaha yangu kubwa. "Mzee, hiyo yako ikifungwa imelala. Hii yangu hailali. Kioo chake hakizimi, hata usipoigusa inakuonyesha saa, inakuonyesha kila kinachoingia."

"Hebu tuone," akasema, akaigeuza yeye mwenyewe, kioo juu, akaiweka katikati ya meza. Tukainama wote, mama mkwe naye, shangazi naye.

Ikatokea saa. Nzuri, nyeupe. Halafu chini ya saa ikatokea picha ya kopa jekundu na maneno: *Mume wangu, umefika salama?*

Nimewahi kuanguka na baiskeli kutoka kilima cha Bugando, lakini siku hiyo ndipo nilipojua kuanguka. Mama mkwe akasoma kwa sauti, taratibu, kama anasoma somo kanisani. Shangazi akaweka sinia chini. Kila mtu akaniangalia, na mimi nikamwangalia mshenga, maana si ndiye anayejibu? Na yeye maskini hakujua lolote kuhusu Masanja, niliona kwenye uso wake kwamba anaamini kabisa nina mke nimemficha. Lakini mshenga ni mshenga. Akakohoa, akatabasamu.

"Huyo ni bibi yake," akasema. "Si mnajua bibi zetu? Mjukuu wa kiume ndiye mume."

Jamani, ilikubalika! Maana kweli, bibi yupi wa kwetu hamwiti mjukuu wake mume? Sebule nzima ikaangua kicheko, na bibi yake Kabula akapiga makofi pale kwenye mkeka, akasema, "Kumbe mjukuu wangu anakwenda kuolewa uke wenza! Huyo bibi nampenda. Nipigieni nimsalimie mwenzangu."

Nikasema (safari hii kwa sauti ndogo) kwamba bibi yuko kijijini, mtandao wa kule unasumbua. Sijamaliza sentensi, kioo kikawaka: *Ukirudi pitia maziwa ya mtoto na pampasi, zimeisha.*

"Pampasi," akasema mama mkwe.

"Analea kitukuu," akasema Mzee Kulwa upesi, na jasho likamtoka kwenye paji.

Ningekuwa na akili ningeichukua ile simu nikaizima. Nilinyoosha mkono kweli, lakini ikaanza kuita, na si kuita kwa sauti tu, ilikuwa ni ile ya kuonana uso kwa uso. Mzee Lubango akaniwahi. Wala hakuwa na nia mbaya, alikuwa anataka tu kuona mtambo unavyofanya kazi. "Hapa ndiyo unabonyeza? Hapa?" Akabonyeza.

Kikajaa kioo kizima mwanamke wa miaka ishirini na kitu, amejifunga kanga, mtoto yuko begani. Na sifa lazima nizitoe, picha ilikuwa safi, hata jino la mtoto uliliona. Mzee Lubango akaitazama, akaisogeza mbali kidogo na macho, akaitazama tena. Kisha akamgeukia mshenga wangu.

"Mshenga, bibi yenu bado kijana sana."

Mzee Kulwa akaangalia mlango uko upande gani. Yule mwanamke kwenye simu ndiye aliyeongea. "Shikamoo, baba. Samahani, wewe ni nani? Mume wangu yuko wapi?"

"Marahaba. Mume wako ni huyu?" Akanigeuzia simu.

"Hee! Shija! Simu ya Masanja inafanya nini kwako? Mmempeleka wapi mume wangu? Ameibiwa?" Mtoto akaanza kulia, mama naye akaanza kulia, na sauti ya simu ile, kama nilivyokuwa nikiwaambia watu kila siku, ni kubwa kuliko ya Kitabu.

Nikapiga magoti. Nikasema yote pale chini: kwamba simu si yangu, ni ya rafiki yangu, kwamba sina mke wala mtoto wala bibi mwenye mtandao, kwamba nimeazima ili nionekane mtu. Mke wa Masanja akakata simu ili akamshughulikie mwenye simu. Mzee Lubango akasema uongo ukishaanza, ukweli nao lazima ulete shahidi, akataka namba ya Masanja. Nikamtajia. Akapiga kwa Kitabu chake, akaweka sauti ya nje, na Masanja akapokea kwenye simu yangu ya ufa, isiyosomeka hata namba ya anayepiga, akadhani ni mimi, akaanza kabla hajaulizwa lolote.

"Oya Shija, vipi mwanangu? Wazee wameamini simu ni yako? Wameingia kingi?"

"Mwambie hatujaingia," akaniambia Mzee Lubango, akaifunga simu yake, ikalia kah! "Unaona faida ya bawaba? Ikifungwa, imefunga mdomo."

Hakuna aliyecheka. Bibi akasema aitwe mtoto mwenyewe aulizwe, kama ilivyo desturi. Kabula akatoka chumbani, amejifunika kanga, hakuniangalia. Mlango wa chumba kile ni wa mbao nyembamba, alikuwa amesikia kila neno. Baba yake akamuuliza kile kinachoulizwa siku zote, "Wageni hawa unawafahamu?"

Akavuta kanga yake mpaka kwenye paji. Mimi pale chini magoti yananiuma, nikajua nimempoteza, na haikuwa kwa mahari wala kabila, ni kwa kitu cha kuweka mezani. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Baba, mimi namfahamu Shija mmoja. Simu yake imepasuka, akinipigia nasikia nusu ya maneno, chaji ikiisha anakwenda kuomba kwa jirani ili amalizie kuniambia usiku mwema. Huyo ndiye niliyewaambia atakuja. Huyu wa leo simjui."

Sijawahi kupigwa kofi likaniingia hivyo. Machozi yalinitoka mbele ya wakwe, mbele ya mshenga, na sikuyafuta.

Mzee Lubango akanitazama, akamtazama binti yake, akasimama, maana yake kikao kimekwisha. "Mshenga," akasema, "rudini mlikotoka. Mkimpata huyo anayemfahamu, mleteni. Tutamsikiliza."

Zile ngazi tulishuka kimya, mshenga mbele, mimi nyuma, Kigae nimekishika mkononi kinamulika tu matusi ya mke wa Masanja moja baada ya jingine. Baada ya wiki tatu tulirudi, na Mzee Kulwa alikubali kwa kuwa nilimpigia magoti yeye pia. Tulisikilizwa. Kabula sasa ni mke wangu na mnamjua, mkimuuliza atawaambia alinisamehe, mkimuuliza mara ya pili atawaambia bado anafikiria.

Ubishi wa simu nimewaachia nyinyi. Lakini kuazima kitu cha kwendea kwa watu, iwe simu, iwe viatu, iwe hata mwamvuli mvua inanyesha, nimeapa sirudii. Kama sina, nitakwenda sina, na wakinikataa, basi wanikatae mimi.