Mapezi Marefu ya don Chebo

Kiongozi wa wapiga mbizi hutoka majini akiwa na hewa nyingi kuliko mgeni wake yeyote. Eusebio Canul, ambaye kisiwa kizima cha Cozumel kinamwita don Chebo, aliishika kanuni hiyo miaka ishirini na miwili na kuwafundisha viongozi wote wa ushirika wetu. Aliivunja mara moja tu, na hakuivunja kwa bahati mbaya.

Mapezi aliyovaa miguuni yalikuwa ya mpira mweusi, mafupi, mapana, mazito kama tofali. Wageni waliyacheka. Lakini don Chebo hakuchapachapa maji. Alikunja magoti, akafungua miguu kama chura, akasukuma mara moja, kisha akatulia na kuteleza. Kwetu mkondo ndio unaombeba mtu, na mashua hufuata mapovu yake. Mwenye kurusha miguu ovyo anaimaliza hewa yake bure.

Wakirudi gatini, viongozi huonyeshana geji za mitungi ya hewa, na mwenye hewa kidogo kuliko wote huwanunulia wenzake taco, chapati za mahindi zenye nyama ya nguruwe. Don Chebo hakuwahi kununua.

Kisha mwanafunzi wake wa zamani, Wilberth Poot, akaja na mapezi ya manjano, laini, yaliyopasuliwa katikati kama mkia wa mbayuwayu. Aliyatikisa polepole tu, naye akaenda. Siku tatu mfululizo mshale wa geji yake ulisimama juu ya wa don Chebo. Siku ya nne don Chebo alikuwa wa mwisho kabisa.

"Don Chebo, leo taco ni zako!"

"Na pilipili usisahau, mzee! Tumekusubiri miaka ishirini!"

Alinunua, lakini hakula. Wiki hiyohiyo wageni wakaanza kuomba wapelekwe na "yule wa mapezi ya manjano."

"Anabebwa na mapezi yule," alimwambia mkewe, Nidia. "Mvue uone kama ataogelea."

"Si wewe uliyemfundisha?"

"Nilimfundisha kupiga mbizi. Sikumfundisha kunipita."

"Haya, kula basi. Wivu haushibishi."

Mtu akishasema neno kama lile mbele ya mkewe, anapaswa kujisikiliza na kuona haya. Don Chebo hakuona haya. Alikwenda kununua mapezi marefu, magumu, yale ya wavuvi wanaozama na mkuki kwa pumzi moja. Teke moja la pezi refu husukuma maji mengi, lakini paja ndilo linalolipa. Pezi hilo linamfaa anayeshuka mara moja na kurudi, si anayeogelea karibu saa nzima na mtungi mgongoni. Haya aliyajua kuliko sisi sote. Mwanafunzi angeyavaa, angemvua.

Alhamisi walishuka makundi mawili kwenye ukuta wa matumbawe wa Santa Rosa, kila kiongozi na wageni wanne.

"Mwalimu, hayo ya kuvaa au ya kupigia kasia?" Wilberth alimtania mashuani.

"Leo utaona visigino tu, kijana."

Nusu ya safari, mkondo uligeuka ukawajia usoni. Wilberth aliwasogeza wageni wake wakajibana ukutani, ambako maji yametulia. Don Chebo aliona nafasi ya kumpita, akapiga miguu. Alimpita kweli. Wageni wake, wenye mapezi ya kukodi, walijitahidi kumfuata, wakaishiwa nguvu, wakabaki nyuma wakihema. Hakugeuka kuwatazama.

Mapaja yakawaka moto. Shavu la mguu wa kushoto likakaza kama jiwe. Alipotazama geji, mshale ulikuwa kwenye alama nyekundu, hewa karibu kwisha, na mkondo ulikuwa ukimrudisha kule alikotoka. Wilberth alimdaka mkono, akampa kinywa cha akiba cha mtungi wake avute hewa, akawakusanya wageni wote wanane, akapanda nao taratibu.

Mashuani don Chebo aliyavua yale mapezi marefu.

"Hayo mapezi yako yana nini?" alimuuliza Wilberth.

Wilberth alikunja suruali ya mpira hadi juu ya goti. Palikuwa na kovu refu.

"Nilipasuliwa goti hospitalini Mérida, mwalimu. Daktari akasema nikivaa magumu kama yale yako meusi, goti litakwisha. Haya ni laini, hayasumbui goti, ila hayana nguvu ya kushindana na maji. Ndiyo maana natulia tu. Na kutulia nimejifunza kwako."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, nani angenipa wageni?"

Ushirika ulikutana Jumamosi ukamvua uongozi, na don Chebo hakujitetea. Mguu ulipona baada ya wiki mbili. Uongozi haukurudi. Sasa anajaza hewa mitungi ambayo wengine hushuka nayo, na Wilberth ndiye anayeongoza Santa Rosa.